Kutengeneza Nyongeza ya Alkaliniti Nyumbani kwa Tangi la Matumbawe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wafugaji wa matumbawe wanaotaka kuacha kununua chupa za alkaliniti na kujitengenezea wenyewe. Unga unaohitajika ni wa kawaida kabisa. Kinachoharibu matangi ni kukisia, na ndiyo maana kila kiasi hapa kimetolewa kwa gramu na mililita, na hesabu zote ni za lita 100 za maji; zidisha au gawanya kulingana na tangi lako.

## Mambo ya msingi

1. Alkaliniti ni nini, na inatofautianaje na pH?

Alkaliniti ni uwezo wa maji kupokea asidi bila pH yake kuporomoka. Katika maji ya bahari uwezo huo hutokana hasa na bikaboneti na kaboneti, na kidogo na borati. Matumbawe, chaza wakubwa na mwani wa chokaa huzitumia bikaboneti na kaboneti hizo kujengea mifupa yao.

pH, yaani kipimo cha kiasi gani maji ni asidi au besi, hupanda mchana mwani unapovuta kaboni dioksaidi, na hushuka usiku. Alkaliniti haipandi wala haishuki kwa ajili ya kaboni dioksaidi. Ndiyo maana tangi linaweza kuwa na alkaliniti nzuri ya dKH 9 (dKH ni digrii za kupimia alkaliniti) na bado pH yake ikawa 7.9, kwa sababu tu madirisha yamefungwa na hewa ya chumba imejaa pumzi za watu. Kumimina alkaliniti zaidi katika tangi la namna hiyo ili kuinua pH ni kosa la kila siku. Dawa yake ni hewa safi.

Kuhusu vizio: meq (milikwivalenti) 1 kwa lita ni sawa na dKH 2.8, au miligramu 50 kwa lita za kalsiamu kaboneti. Sisi tunatumia dKH.

2. Kwa nini alkaliniti hushuka haraka huku kalsiamu ikionekana kusimama palepale?

Zote mbili zinatumika pamoja; kinachotofautiana ni akiba. Kila dKH 1 inayoingia kwenye mifupa ya matumbawe huondoka na takriban miligramu 7 za kalsiamu kwa lita. Alkaliniti ikitoka 8 hadi 7, umepoteza sehemu moja ya nane ya akiba yote. Kalsiamu ikitoka 420 hadi 413, vipimo vingi vya nyumbani havioni hata mabadiliko. Kwa hiyo pima alkaliniti mara kwa mara na kalsiamu mara moja moja.

3. Nilenge kiwango gani?

Maji ya bahari yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo yana alkaliniti inayokaribia dKH 7. Kwenye tangi, chagua namba moja kati ya 7 na 9.5 na uishike. Namba yenyewe si hoja kubwa kama utulivu wake: tangi linalokaa 7.5 mwezi mzima hukuza matumbawe vizuri kuliko linalocheza kati ya 8 na 10 kila wiki. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350.

Ikiwa nitrati na fosfati za tangi lako zinakaribia sifuri, baki kwenye 7 hadi 8. Alkaliniti ya juu katika maji yenye virutubisho haba huunguza ncha za matumbawe magumu ya SPS (yale yenye polipu ndogo): ncha hubaki mfupa mweupe usio na nyama, na jeraha huteremka polepole kwenye tawi.

## Malighafi

4. Nahitaji kemikali gani?

Kwa alkaliniti, moja kati ya hizi mbili:

- Bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea inayouzwa kwa matumizi ya jikoni. Gramu 3.0 huinua lita 100 kwa dKH 1.
- Kaboneti ya sodiamu kavu. Gramu 1.9 huinua lita 100 kwa dKH 1.

Unaweza kununua kaboneti, au kuitengeneza kwa kuoka bikaboneti (tazama swali la 10). Chagua ubora wa chakula au wa juu zaidi, na usome orodha ya viambato: iwe na kitu kimoja tu. Kwa upande wa kalsiamu utahitaji kloridi ya kalsiamu (swali la 13).

5. Je, baking pauda, soda ya kufulia au magadi ghafi vinafaa?

Baking pauda haifai kabisa. Ndani yake kuna bikaboneti, ndiyo, lakini imechanganywa na chumvi za asidi, mara nyingi zenye fosfati au alumini, pamoja na wanga. Asidi hiyo huimaliza alkaliniti yenyewe, na kinachobaki ni chakula cha mwani usioutaka.

Soda ya kufulia inaweza kuwa kaboneti safi, lakini nyingine hutiwa manukato na sabuni. Tena nyingine zina maji ndani ya fuwele: ile yenye maji kumi hubeba uzito karibu mara 2.7 ya kaboneti kavu kwa alkaliniti ileile, kwa hiyo hesabu za ukurasa huu zitakupotosha ukiitumia bila kujua.

Magadi ghafi ya mawe tuyaache. Huja na udongo, chumvi nyingine na mara nyingi floridi, na hakuna ajuaye bonge lililo mkononi mwake lina kaboneti kiasi gani. Kwa kuwa watu hutumia jina la magadi soda kwa vitu zaidi ya kimoja, fuata jina la kemikali kwenye pakiti.

6. Nichague bikaboneti au kaboneti?

Alkaliniti zinayotoa ni ileile. Tofauti ni pH na ukolezi. Kaboneti huinua pH papo hapo. Bikaboneti haiinui, na mara tu baada ya kumimina inaweza kuishusha kidogo sana. Kaboneti pia huyeyuka kwa wingi zaidi, kwa hiyo chupa moja hudumu mara mbili.

Matangi mengi ya ndani ya nyumba yana pH ya chini, hivyo kaboneti ndiyo chaguo letu la kwanza. Ikiwa pH ya mchana inafika 8.4 au zaidi, au unatumia maji ya chokaa (hidroksidi ya kalsiamu iliyoyeyushwa), tumia bikaboneti.

7. Je, niongeze boraksi kama zinavyofanya baadhi ya bidhaa za dukani?

Hapana. Borati husomeka kwenye kipimo cha alkaliniti, lakini matumbawe hayajengi mifupa kwa borati. Ukiiongeza kila siku, kipimo kitaonyesha 9 huku sehemu inayotumika ikizidi kupungua.

## Kutengeneza

8. Vifaa gani ni vya lazima?

Mizani ya kidijitali inayosoma angalau gramu 1 (inayosoma 0.1 ni bora), jagi lenye alama za mililita, chupa za plastiki nene zenye vifuniko vinavyobana, maji ya RO/DI (yaliyochujwa hadi kuondolewa madini) au yaliyotoneshwa, na kipimo cha alkaliniti kisichopitwa na muda. Ongeza glavu na miwani ya kukinga macho, kwa kuwa kaboneti ya sodiamu huunguza macho.

Vijiko usivitegemee. Unga uliookwa ni mwepesi na umejaa hewa, ule wa pakiti mpya umeshikana. Kijiko kilekile hubeba uzito tofauti.

9. Nitengenezeje myeyusho wa bikaboneti?

Pima gramu 80 za bikaboneti. Tia mililita 800 za maji ya RO/DI kwenye jagi, nyunyiza unga huku ukikoroga, kisha jaza maji hadi lita 1 kamili. Itachukua muda: gramu 80 zimekaribia kikomo cha kuyeyuka, maana maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban gramu 96 tu kwa lita. Mabaki machache chini ya jagi baada ya dakika kumi ni ya kawaida, endelea kukoroga.

Watu hupenda kutumia maji ya moto ili kuharakisha. Maji hutoa mapovu, kwa sababu sehemu ya bikaboneti inageuka kaboneti na kuachia kaboni dioksaidi. Alkaliniti haipotei kwa hilo, ila usifunge chupa ikiwa bado ya moto na yenye mapovu.

Mililita 37.5 za myeyusho huu huinua lita 100 kwa dKH 1.

10. Bikaboneti inaokwaje ili iwe kaboneti?

Tandaza bikaboneti kwenye bakuli la kioo cha oveni au trei ya chuma cha pua, unene usiozidi sentimita 2. Trei ya alumini haifai, kaboneti huila. Oka kwa nyuzi 150 hadi 200 kwa saa moja, na uugeuze unga katikati ya muda.

Ukichungulia utaona unga unatokota: vijishimo vinafunguka juu, unga mwembamba unarukaruka pembeni yake, kisha vinajifunga. Ni mvuke na kaboni dioksaidi vinatoka. Unga ukitulia kabisa, kazi inakaribia kwisha.

Hakikisha kwa mizani. Gramu 100 za bikaboneti hubaki takriban gramu 63 za kaboneti. Ukipata 70, rudisha ndani. Ikiwa unga wako ulikuwa na unyevu utashuka hata chini ya 63, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni uzito kutobadilika kati ya mara mbili mfululizo.

Hapa kuna jambo linalowaokoa wengi. Ukipima gramu 158 za bikaboneti kabla ya kuoka na kutumia unga wote unaotoka, alkaliniti ya chupa itakuwa sahihi hata kama uokaji haukukamilika. Kinachopungua ni msukumo wa pH peke yake. Ukitaka usalama zaidi, pima kabla ya kuoka.

11. Na myeyusho wa kaboneti?

Gramu 100 za kaboneti kavu (au zote zilizotoka kwenye gramu 158 za bikaboneti) kwa lita 1. Anza na mililita 700 hadi 800 za maji ya vuguvugu, nyunyiza unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Usifanye kinyume: ukimwaga maji juu ya unga uliokaa chini, hushikana papo hapo ukawa bonge gumu, na kuliyeyusha bonge hilo ni kazi ya saa nzima. Subiri upoe, kisha jaza hadi lita 1.

Myeyusho ukiwa na ukungu kidogo, uache usiku kucha na umimine sehemu safi ya juu. Ukungu mzito mweupe maana yake umetumia maji ya bomba: kalsiamu iliyomo imeshageuka chokaa. Mwaga, anza upya.

Mililita 19 za myeyusho huu huinua lita 100 kwa dKH 1.

12. Nitajuaje kama nimeutengeneza sawasawa?

Pima myeyusho wenyewe. Chukua mililita 1 kwa bomba la sindano, uitie kwenye lita 1 ya maji ya RO/DI, koroga, kisha pima alkaliniti ya maji hayo. Myeyusho wa kaboneti (swali la 11) usome takriban dKH 5.3, wa bikaboneti (swali la 9) takriban 2.7.

Ukisoma tofauti kubwa, usilaumu myeyusho kabla ya kukagua kipimo. Yeyusha gramu 3.0 za bikaboneti kwenye lita 1 ya RO/DI, chukua mililita 100 za maji hayo na uzijazie hadi lita 1. Hayo ni maji ya dKH 10. Kipimo kikisoma 10, kiko sawa, kikisoma 8.5, umegundua kwa nini tangi lako limekuwa halieleweki. Fanya hivi kila unapofungua vitendanishi vipya.

13. Upande wa kalsiamu nao?

Ukiongeza alkaliniti bila kalsiamu, kalsiamu itaisha polepole. Myeyusho unaolingana na ule wa kaboneti, mililita kwa mililita, ni gramu 139 za kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, au gramu 105 za ile kavu, kwa lita 1. Ukitumia myeyusho wa bikaboneti, nusu yake inatosha: gramu 70 au 53.

Tia unga kwenye maji, si maji kwenye unga, kwa kuwa kloridi ya kalsiamu hutoa joto kali inapoyeyuka na inaweza kurusha matone ya moto. Pakiti ikifunguliwa hunyonya unyevu wa hewa, na gramu zako za mwezi ujao zitakuwa nusu maji. Ifunge mara moja.

Miyeyusho hii miwili isikutane kamwe nje ya tangi. Hata jagi lililosuuzwa vibaya litakuonyesha: chokaa nyeupe hujitokeza papo hapo.

14. Myeyusho hudumu muda gani?

Ukifungwa vizuri, miezi mingi. Kaboneti hunyonya kaboni dioksaidi ya hewani na kugeuka bikaboneti taratibu, lakini alkaliniti yake haibadiliki. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 myeyusho wa kaboneti unaweza kutoa fuwele chini ya chupa. Hapo sehemu ya juu imekuwa hafifu. Upashe moto kwenye maji ya vuguvugu, utikise hadi fuwele ziishe, ndipo utumie. Andika kwenye chupa jina, ukolezi na tarehe, na uiweke mbali na watoto.

## Dozi

15. Ujazo wa tangi langu nihesabu vipi?

Si ujazo ulioandikwa na kiwanda. Mawe, mchanga na nafasi ya juu hula sehemu nzuri, na sampu (tangi la pili la chini linalozungusha maji na tangi kuu) huongeza. Kama bado hujajaza, hesabu ndoo. Kama limeshajaa, pima urefu, upana na kina cha maji kwa ndani (sentimita), zidisha, gawa kwa 1,000, toa makisio ya mawe na mchanga, kisha jumlisha maji ya sampu. Ukikosea, kosea kwa kupunguza: dozi itakuwa ndogo mno, na hilo halina madhara.

16. Nitajuaje tangi linatumia kiasi gani kwa siku?

Simamisha dozi zote. Pima alkaliniti saa uliyochagua, subiri siku tatu, pima tena saa ileile. Tuseme ilikuwa 8.6 na sasa ni 7.4: imeshuka 1.2 kwa siku tatu, yaani 0.4 kwa siku. Kama tangi lina lita 240 halisi na unatumia kaboneti:

0.4 × 2.4 × 19 = mililita 18 kwa siku, na kalsiamu vivyo hivyo.

Ikiwa alkaliniti inashuka zaidi ya 0.5 kwa siku, usingoje siku tatu; moja au mbili zinatosha. Baada ya kuanza dozi, pima kila siku kwa wiki nzima, rekebisha kwa asilimia 10 hivi kila mara, kisha pima mara mbili kwa wiki. Matumbawe yakikua, matumizi hukua nayo. Matumizi yakishuka ghafla bila sababu ya wazi, yaangalie matumbawe yenyewe kwa makini kabla ya kugusa dozi: mara nyingi yameacha kukua kabla macho hayajaona ugonjwa.

17. Nimimine wapi, lini, na kwa kasi gani?

Penye mkondo mkali, mbali na matumbawe, mbali na hita na mbali na mahali pa kumimina kalsiamu. Kwenye sampu, chumba kinachopokea maji ya juu kinafaa sana. Acha angalau dakika 15 hadi 30 kati ya alkaliniti na kalsiamu.

Kaboneti mimina wakati pH iko chini, yaani alfajiri au usiku. Bikaboneti haina saa maalumu. Unapolipa deni, yaani kurudisha alkaliniti iliyokwisha kushuka, usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku, na matangi ya SPS yatashukuru kwa nusu ya hapo.

18. Nikitumia pampu ya dozi, niangalie nini?

Gawa dozi ya siku mara 12 au 24. Hakikisha pampu inatoa kiasi unachodhani: iamuru itoe mililita 100 kwenye jagi na upime, kisha rudia kila mwezi kwa sababu mpira wa ndani huchakaa. Mdomo wa mrija uwe juu ya maji, usizamishwe, la sivyo chumvi itauziba, au maji yatajivuta yenyewe na chupa nzima kuingia tangini. Kwa sababu hiyohiyo tunapenda chupa ndogo: chupa ya lita 1 ikimwagika yote kwenye lita 240 ni msiba unaoweza kurekebishika, ndoo ya lita 10 haiwezi.

19. Naweza kuweka bikaboneti kwenye maji ya kufidia mvuke?

Inawezekana, lakini dozi itafuata hali ya hewa badala ya kufuata matumbawe: siku ya upepo mkavu itapita kiasi, siku ya mvua itapungua. Usiiweke kamwe pamoja na maji ya chokaa. Chombo chote kitajaa mashapo na hutapata alkaliniti wala kalsiamu.

## Mambo yakienda kombo

20. Nikimimina kaboneti naona wingu jeupe. Nimeharibu?

Wingu dogo linalotoweka ndani ya sekunde chache ni magnesiamu iliyogutuka kwa pH ya juu ya eneo lile, na huyeyuka maji yakichanganyika. Mimina polepole zaidi au ongeza mkondo.

Maji ya tangi zima yakiwa meupe kwa saa nyingi, hayo ni mashapo ya chokaa. Simamisha dozi zote, acha skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) na mzunguko vifanye kazi, weka pamba ya kuchujia na uibadilishe inapochafuka. Usiongeze kitu kufidia kilichopotea siku hiyo: chembe zinazoelea huvuta chokaa zaidi, na dozi mpya itazilisha. Maji yakisafika, pima, kisha panda taratibu. Pampu na hita zitakuwa na ganda gumu; loweka kwenye siki, suuza, rudisha.

21. Namimina kila siku lakini alkaliniti haipandi. Inaenda wapi?

Anza na kipimo (swali la 12), kisha ujazo (swali la 15). Vikiwa sawa, pima magnesiamu. Magnesiamu huzuia fuwele za chokaa zisikue. Ikishuka chini ya 1,200 hivi, dozi yako inageuka mchanga na ganda kwenye hita badala ya mifupa ya matumbawe. Dalili ni mchanga unaoshikana vibonge na pampu zinazoganda haraka. Kuinua lita 100 kwa miligramu 10 za magnesiamu kwa lita, tumia gramu 10 za chumvi ya Epsom (salfati ya magnesiamu) au gramu 8.4 za kloridi ya magnesiamu yenye maji sita. Kwa ongezeko kubwa changanya zote mbili, kloridi iwe nyingi zaidi, ili salfati isizidi.

Kama magnesiamu nayo iko sawa, huenda hakuna tatizo: tangi limejaa matumbawe yenye njaa, na dozi yako ni ndogo.

22. Nimezidisha, sasa ni dKH 13. Nifanye nini?

Acha dozi ya alkaliniti na uyaache matumbawe yaishushe yenyewe. Usitie siki wala asidi. pH itaporomoka na utakuwa na matatizo mawili. Badilisha sehemu ya maji kwa maji mapya, lakini pima kwanza alkaliniti ya maji hayo, kwa sababu baadhi ya chumvi za tangi huchanganyika zikiwa tayari na dKH 11 au 12. Iangalie kalsiamu pia katika siku hizo. Alkaliniti ikifika kiwango ulicholenga, rudi na dozi ndogo kuliko ile ya mwanzo.

23. Alkaliniti iko chini na kalsiamu iko juu, wakati namimina sawa kwa sawa. Kwa nini?

Mara nyingi uwiano ulivurugika tangu mwanzo, au kloridi ya kalsiamu uliyodhani ina maji mawili ilikuwa kavu. Rekebisha kila kimoja peke yake hadi kiwango chake, kisha rudi kwenye dozi sawa. Usiache kimoja kwa miezi ukitarajia kijipatanishe.

Sababu nyingine husahaulika. Amonia inapogeuzwa nitrati na bakteria, alkaliniti hutumika bila kalsiamu kuguswa. Nitrati ikipanda kwa miligramu 50 kwa lita, imekula takriban dKH 2.3. Tangi lenye samaki wengi na matumbawe machache huonyesha hivi waziwazi.

24. Chumvi ya tangi inapanda polepole. Ni dozi?

Ndiyo. Sodiamu ya upande mmoja na kloridi ya upande wa pili hubaki majini kama chumvi ya kawaida. Tangi linalotumia dKH 1 kwa siku hupata takriban gramu 0.63 za chumvi hiyo kwa lita kila mwezi. Skima hutoa kiasi, kubadilisha maji hutoa zaidi. Pima chumvi kila wiki na, ikipanda, toa lita chache za maji ya tangi uweke RO/DI badala yake. Kubadilisha maji kunahitajika hata namba ya chumvi ikiwa sawa, kwa kuwa sodiamu na kloridi zinazidi huku potasiamu na salfati zikibaki nyuma.

## Hali za pekee

25. Naweza kutumia hidroksidi ya sodiamu ili kuinua pH zaidi?

Kikemia inafanya kazi: gramu 1.4 huinua lita 100 kwa dKH 1, na hakuna kinachoinua pH kuipita. Lakini huunguza ngozi na kupofusha macho, huchemsha maji inapoyeyuka, na kosa dogo la dozi linaua. Hatuipendekezi nyumbani. Kaboneti pamoja na hewa safi kwenye mdomo wa skima hutatua pH ya chini katika matangi mengi.

26. Tangi langu lina lita 30 tu. Fomula hizi zinafaa?

Zinafaa, ila zimekolea mno kwa mkono wa mtu: mililita 1 ya kaboneti huinua lita 30 kwa dKH 0.18, hivyo ukikosea mililita 3 umeruka nusu digrii. Tumia myeyusho wa bikaboneti na uuzimue mara mbili, yaani mililita 500 zijazwe hadi lita 1. Kwa lita 30, dKH 1 itahitaji mililita 22.5. Zimua na kalsiamu kwa kiasi hichohicho. Kama matumbawe ni machache, pima kwanza ikiwa mabadiliko ya maji ya kila wiki hayatoshi. Matangi mengi ya ukubwa huu hayahitaji dozi yoyote hadi matumbawe magumu yawe mengi.

27. Nasafiri wiki mbili na sina pampu. Nimwachie jirani amimine?

Jaza dozi ya kila siku kwenye vichupa vidogo, kimoja kwa siku, alkaliniti ya rangi moja na kalsiamu ya rangi nyingine, na uandike tarehe. Fanya dozi iwe asilimia 80 ya kawaida: alkaliniti kushuka kidogo kwa wiki mbili ni salama kuliko kupanda. Kama jirani akikosa siku, asimimine vichupa viwili kesho yake. Ukirudi, pima kabla ya kumimina chochote, kisha panda kwa utaratibu wa swali la 17.